Chios: mti mmoja, vijiji 24

Mesta, kijiji cha kusini mwa kisiwa cha Chios huko Ugiriki, hakikuhitaji ukuta wa kukizunguka, kwa sababu nyumba zenyewe ndizo ukuta. Zile za pembeni zimebanana ubavu kwa ubavu, na upande wa nje zilijengwa bila milango. Vichochoro vya ndani vimefunikwa kwa matao, na katikati, palipo na kanisa kubwa leo, ulisimama mnara wa kukimbilia maharamia wakivamia. Mpango huo ni wa Wagenoa, watu wa mji wa Genoa huko Italia, waliotawala kisiwa kuanzia 1346 hadi 1566, na mali waliyoilinda kwa bidii yote hiyo ni utomvu wa mti: mastika.

Waosmani (Waturuki) waliofuata nao walitoza kodi iliyolipwa kwa mastika yenyewe. Mwaka 1822, walipoua na kuuza utumwani maelfu ya watu wa Chios, vijiji 24 vya mastika, Mesta kikiwemo, viliachwa salama kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya zao hilo. Ndiyo maana nasema historia ya upande huu wa kisiwa haieleweki bila kuujua mti.

Ni mti mfupi, mita mbili au tatu, wenye shina lililopindapinda. Hupandwa kwa vipandikizi wala si kwa mbegu, huanza kuvunwa ukiwa na miaka mitano hivi, na hauna haraka: mti uliokomaa mara nyingi haufikishi gramu 250 kwa mwaka. Kwa mavuno madogo namna hiyo, kila tone linalopotea lina uzito wake.

Kwa hiyo kazi huanzia chini, si kwenye shina. Mwezi wa Juni ardhi iliyo chini ya matawi hupaliliwa, hufagiliwa majani na vijiwe, husawazishwa na kushindiliwa ikawa sakafu. Juu yake hunyunyizwa unga mweupe wa mawe ya chokaa. Unga huo huzuia tone lisishike udongo, na tone huganda likiwa safi na kung'aa. Anayepuuza kufagia huletewa mastika yenye mchanga ndani, na mchanga ulioingia wakati utomvu bado laini hautoki kwa kuoshwa.

Kuchanja huanza katikati ya Julai, kwa chuma kidogo chenye ncha kali. Chale huwa na urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu na kina cha milimita nne au tano, ukianza na shina na kupanda taratibu kwenye matawi manene. Kina ndicho kipimo cha ufundi. Utomvu upo kwenye gome. Chuma kikizama hadi kwenye mti wenyewe, hupati utomvu zaidi, unaacha kidonda tu. Wala mti hauchanjwi wote siku moja: hurudiwa asubuhi na mapema, mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki tano au sita, na mti mchanga hupewa chale chache kuliko mzee.

Baada ya hapo ni kungoja wiki mbili hadi tatu matone yagande. Hapa ndipo roho za wakulima huwa juu. Mvua ikinyesha kabla ya kuokota, matone huchafuka na kupoteza thamani. Moto ni balaa kubwa zaidi: ule wa Agosti 2012 uliteketeza mashamba mengi ya mastika, na mti uliopandwa upya haukupi kitu kwa miaka.

Huokotwa asubuhi kukiwa na ubaridi, kwa sababu jua likipanda matone hulainika na kushikana. Kisha huchekechwa, huoshwa kwa maji baridi na sabuni, na kuanikwa ndani ya nyumba. Majira ya baridi wanawake wa kijiji hukaa pamoja wakikwangua uchafu kwa visu vidogo, tone moja moja, huku mazungumzo yakiendelea. Kwangu mimi huo ndio moyo wa utamaduni huu, na ni haki kabisa kwamba UNESCO iliuorodhesha mwaka 2014. Mastika iliyosafishwa hupelekwa kwenye chama cha wakulima kilichoanzishwa 1938.

Ukipita Pyrgi, kijiji kingine cha mastika, tazama pia kuta zilizochorwa maumbo kwa kukwangua: plasta ya mchanga mweusi hupakwa chokaa nyeupe, kisha hukwanguliwa kwa uma kabla haijakauka.

Na ukipata mastika ya kupikia, usiitwange peke yake, maana itanata kwenye kinu. Igandishe kwanza kwenye friza, kisha itwange na kijiko cha sukari, au chumvi ikiwa chakula si cha sukari. Punje mbili tatu zinatosha mkate mzima. Ukizidisha, uchungu utafunika kila kitu.