Nimechemsha mchawi

Jana boksi yangu ya visanamu imefika, baada ya wiki sita za kusubiri. Nimetoka kuichukua mjini, nikapanda matatu ya Umoja nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Konda akataka kuiweka kwenye buti. Nikakataa kabisa.

Visanamu vyenyewe ni vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa wanaopambana na maadui, na ni vile vinavyotoka kiwandani vimeshapakwa rangi. Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huo, walianza kuviuza 2003, na tangu 2014 vinatengenezwa na kampuni ya WizKids. Boksi haikuonyeshi kilichomo, ni bahati yako tu. Mimi nilikuwa naomba joka. Nimepata mifupa miwili inayotembea (sasa ninayo saba, jamani), zimwi moja, na mchawi mwenye fimbo iliyopinda kama ndizi.

Kumbe dawa yake ni rahisi. Plastiki yake ni laini, kwa hivyo unakitia kisanamu kwenye maji moto sekunde chache, unanyoosha, halafu unakitumbukiza kwenye maji baridi kishike umbo. Niko jikoni, mama akapita.

“Unapika nini?”

“Nachemsha mchawi, mama.”

Akaiangalia sufuria yake. Akaniangalia mimi. Akaondoka bila neno.

Jumamosi tunacheza. Miaka yote maadui wetu wamekuwa vifuniko vya soda, kwenye ramani ya mchezo ambapo mraba mmoja wa inchi unahesabiwa kama futi tano. Safari hii kuna jeshi la mifupa saba, na sijamwambia mtu. Sufuria nimeshanunua nyingine.