Kontena li hai, seva imekufa: uzoefu wangu na Docker

Kila ninapomweleza mtu kwamba tovuti ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa iko kwenye kompyuta mpakato kuukuu chini ya meza yangu, niliyoinunua kwa laki mbili na ushee, ushauri ninaopewa ni uleule: mwishoni mwa amri ya kuwashia kontena, yaani boksi la Docker linaloendesha programu ikiwa imetengwa na nyingine, ongeza `tail -f /dev/null`, nalo halitazimika kamwe. Ni kweli halizimiki, na hapo ndipo penye kasoro.

Kontena la Docker huishi kadiri mchakato wake wa kwanza, yaani programu ya kwanza kuwaka ndani yake, ule wenye namba 1, unavyoishi. Nginx, seva inayoitoa tovuti yetu kwa wanaoifungua, kwa kawaida hujipeleka nyuma na kuuacha mchakato ulioiwasha ufike mwisho. Kwa hiyo ukitumia `service nginx start` peke yake, kontena hufunga mara moja, na `docker ps -a`, orodha ya makontena, huonyesha Exited (limefungwa) na namba 0, kana kwamba kazi imekwisha salama.

Fundi mmoja aliyeushikilia sana ushauri huo nilimkaribisha nyumbani, nikatengeneza kontena kama alivyotaka, kisha mbele yake nikaingia ndani kwa `docker exec` na kuandika `nginx -s stop`, yaani kuizima seva. Nikamwomba aifungue tovuti kwenye simu yake, haikufunguka. Nikamwonyesha `docker ps`, ambayo ilikuwa bado inaandika Up (linawaka) bila haya, maana kilichokuwa kikilindwa ni tail, ambayo haina kazi yoyote ila kusubiri faili tupu. Ili shughuli inoge, nikaandika `docker stop`, tukakaa tukitazama sekunde 10 zikipita mpaka Docker ikalizima kontena kwa nguvu, kwa sababu mchakato namba 1 hauijali SIGTERM, ishara ya kuombwa ufunge kwa upole, usipoandaliwa kuipokea. Alimaliza chai yake, akaaga.

Mimi hutumia `nginx -g 'daemon off;'`, kama ilivyo tayari kwenye taswira rasmi ya nginx (kiolezo cha kutengenezea kontena), ili seva yenyewe ishike namba 1. Ikifa, kontena linakufa nayo, na kifo hicho ndicho ninachokitaka, kwa kuwa sharti la `--restart unless-stopped` (liwashe tena isipokuwa limezimwa makusudi) hulifufua papo hapo. Wapo wanaoisifu on-failure (liwashe tena likifa kwa hitilafu tu), lakini hiyo haisaidii kitu seva ikijifunga kwa namba 0. Always (liwashe tena daima) nayo siipendi: nikilizima kontena makusudi kwa ajili ya matengenezo, sitaki liwake lenyewe baada ya umeme kukatika na kurudi. Bila shaka Docker nayo sharti iwake pamoja na kompyuta, kwa `systemctl enable docker`.

Jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyelitaja ni kifuniko cha kompyuta mpakato, kwani ukikifunga kompyuta hulala, na seva hulala nayo hata uiwekee masharti gani ya kufufuka. Niliandika `HandleLidSwitch=ignore` kwenye faili la `/etc/systemd/logind.conf`, na logi za kontena, yaani kumbukumbu za matukio yake, nikaziwekea kikomo cha `max-size=10m`, kwa sababu zikiachwa hivihivi hukua mpaka zinaijaza diski.