Mzinga wa Mzee Stesheni

Mashine ile ya kukuzia sauti ya santuri ilikuwa haiumwi mchana. Mwenyewe, mstaafu wa reli ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Stesheni, alikuwa akiileta kibandani kwetu jirani na soko la Majengo, Dodoma, imefungwa kwenye kanga na kukazwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Tunaifungua, tunaiunganisha na spika za kujaribia, tunaweka santuri, inaimba vizuri tu. Anaondoka. Baada ya siku chache huyo anarudi na kanga ileile. "Mwanangu, inavuma." Tunawasha: kimya. Masta, yaani fundi aliyekuwa ananifundisha kazi, alianza kuninong'oneza kwamba huenda masikio ya mzee ndiyo yaliyochoshwa na injini za treni.

Ulikuwa mwaka 2013, miaka mitatu kabla serikali haijatangaza kuhamia Dodoma kwelikweli, na mji ulikuwa bado na nafasi za kutosha. Umeme ndio haukuwa na nafasi, lakini hilo nitalifikia.

Kitu chenyewe kilikuwa priampu ya gramafoni. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyemuungia, kwa vipande vinavyouzwa pamoja na mchoro wake, na ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira: nyaya zimelala, risasi inang'aa kila mguu. Gramafoni huwezi kuichomeka tu kwenye amplifaya. Sindano ya sumaku hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5, kwa hiyo lazima ukuzwe kwanza, na haukuzwi sawasawa. Santuri hukatwa huku besi imepunguzwa na sauti nyembamba zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani miaka ya 1950, na priampu ndiyo inayorudisha kila sauti mahali pake. Kwa hiyo kwenye hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, hukuza zaidi ya mara nne kuliko inavyokuza kwenye hezi 1,000, na kwenye hezi 50 hukuza mara saba. Sasa uchafu wa umeme wa ukutani makazi yake ni hukohuko, 50 na 100. Ukipenya mwanzoni mwa saketi, priampu inaupokea na kuupandisha jukwaani.

Tena hii ilikuwa ya transista tupu. Chipu kama NE5532 ina kinga yake dhidi ya umeme mchafu, unaweza kuilisha vibaya ikavumilia. Saketi ya transista chache mara nyingi hula kila unachoipa na kukuonyesha ulichoipa.

"Basi njoo kwangu saa moja usiku, uisikie mwenyewe," mzee akasema siku aliyokasirika. "Na chakula utakula."

Nyumba yake ilikuwa Chang'ombe, mwisho kabisa wa laini ya umeme. Nikawakuta barazani na wazee wenzake, bao katikati, karanga kwenye sinia, jagi la mvinyo wa zabibu pembeni. "Mbukwenyi," nikasalimia kwa Kigogo, kisha shikamoo zikafuata moja moja kwa umri. Mashine ilikuwa ndani, juu ya kabati, spika mlangoni zikitazama nje. Wao walishaipa jina: Mzinga.

"Leo nyuki wameamka mapema," akasema mmoja bila kuinua macho kwenye bao.

Na kweli walikuwa wameamka. Chini ya gitaa za Morogoro Jazz, sauti ya Mbaraka Mwinshehe ikiwa juu yake, kulikuwa na mvumo mmoja mnene usiokata. Kati ya wimbo na wimbo ndiyo ulijaa baraza lote.

Pale palikuwa na mzee aliyewahi kupiga gitaa la rhythm kwenye bendi za dansi. Nilipouliza kama kuna anayeweza kuniambia mvumo huo uko juu au chini kiasi gani, alichukua gitaa lake ukutani, akabonyeza uzi ule mnene kabisa kwenye kibao cha tatu, akaupiga na kuuacha. Sauti mbili zikakutana, zikawa zinapanda na kushuka pamoja taratibu, kama mara mbili kwa sekunde.

"G," akasema. "Ila imekazwa juu kidogo."

"G ya gitaa au ya besi?"

Akaniangalia kuona kama namtania. "Ya gitaa. Ya besi ningesema ya besi."

Sijawahi kupewa kipimo kizuri kuliko hicho. G ile ya gitaa ni hezi 98. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Mvumo ukitoka kwenye ethi iliyounganishwa vibaya, au kwenye usumaku wa transfoma iliyokaa karibu na sindano, mara nyingi sauti yake kubwa ni ile 50, na hiyo ni G ya besi. Lakini daraja la daiodi, lile linalogeuza umeme wa ukutani uende upande mmoja, huchukua nusu ya wimbi inayokwenda chini na kuikunja juu, kwa hiyo yanapita mawimbi 100 kila sekunde. Ile tofauti ya 2 kati ya 98 na 100 ndiyo iliyokuwa ikipanda na kushuka barazani. Ugonjwa basi ulikuwa upande wa pili wa daiodi, ndani ya pawa saplai, sehemu inayoilisha priampu umeme. Nilipowaeleza, yule mpiga gitaa akacheka sana: "Kumbe mitambo ya umeme ya Mtera inapiga G!"

Nikatoa mita, nikapima kwenye soketi. Volti 180, na haikutulia, maana jirani alikuwa akichomelea mageti na kila alipogusisha fimbo namba zilizama. Saa hizo mashine za kusaga bado zilikuwa zinazunguka na kila nyumba imewasha taa. Kibandani kwetu mchana tulikuwa tunapata 228. Nikafungua boksi. Kabla ya regyuleta, yaani chipu za kunyoosha volti, mahali ambapo mchana tulikuwa tukipima volti 20 na kitu, sasa zilikuwa 16 kasoro. Baada ya regyuleta, palipopaswa kuwa na 15, palikuwa na 14 na nukta.

Regyuleta za 7815 (ya chanya) na 7915 (ya hasi) si za miujiza. Kazi yao ni kukata: unaziletea volti nyingi zenye mawimbi juu yake, zinakata ya juu yote na kukupa 15 zilizonyooka. Ili zikate zinahitaji cha kukata, volti 2 mpaka 3 za ziada, na hesabu hiyo ipigwe kwenye bonde la wimbi, si kwenye kilele. Ukizinyima, hazizimi wala hazilalamiki. Zinaacha tu mlango wazi, na mawimbi yote yanapita kuelekea kwenye transista. Kwa hiyo mchana, na kule Dar alikoiunga kijana, kila kitu kilikuwa sawa na mchoro ulikuwa sawa.

Wazee wakashauri stabilaiza. Mzee Stesheni alikuwa nayo, ya friji. Tuliichomeka, na mvumo ukapungua kweli, lakini kila jirani alipogusa geti relei za ndani yake zilibadilisha mkao, tak, na spika zikajibu. Baada ya dakika chache mwenyewe akaing'oa.

Kesho yake nilimsimulia Masta. Hakusema lolote kuhusu masikio ya mzee. Aliingia chini ya meza akatoka na transfoma nzito ya volti 24-0-24, akaichomeka ukutani, kisha akapitisha umeme wa mashine ndani ya nyaya zake za pili, mwisho hadi mwisho, kwa kuzigeuza ili zipingane na wa ukutani. Volti 48 zikaondolewa kwenye 228, zikabaki 180. Usiku wa Chang'ombe ukawa mezani kwetu saa nne asubuhi. (Ukizigeuza upande mwingine zinajumlishwa, unapata 276 na moshi. Masta alipima kwa balbu kwanza, na hata hivyo aliniambia nirudi nyuma.) Mvumo ukaja uleule.

Njia rahisi ilikuwa kubadili transfoma tuweke yenye volti nyingi zaidi. Masta hakuitaka: umeme ukirudi kuwa mzima, regyuleta zitachoma ziada yote kama joto, na boksi halina pa kupumulia. Akataka tushushe tunachodai. Priampu ile iliridhika na volti 12. Haikuwa na makuu. Kwa 16 zinazoingia zinabaki kama 4 za kukata, hata jirani achomelee geti la ikulu.

Tukaagiza regyuleta za kurekebishika, LM317 ya chanya na LM337 ya hasi, Kariakoo, zikaja na basi, ndani ya boksi la dawa ya meno. LM317 ilibuniwa na Bob Dobkin pale National Semiconductor, Marekani, miaka ya 1970. "Ina umri kuliko wewe, iheshimu," Masta akasema. Sababu ya kuipenda ni mguu wake wa kurekebishia. Daima inashikilia volti 1.25 kati ya mguu huo na mguu wa kutolea, na resista mbili ndizo zinazoamua upate ngapi. Tuliweka omu 220 na omu 1,800, tukapata 11.6, tukaridhika. Halafu kwenye mguu huo unatundika kapasita ndogo ya maikrofaradi 10 kwenda sufuri, waya wa pamoja wa saketi. Kitu cha bei ya andazi, lakini watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba ukandamizaji wa mawimbi unapanda kutoka desibeli 65 hadi 80, yaani kutoka kubakiza sehemu moja katika 1,800 hadi moja katika 10,000. Inanyamazisha pia mchakacho wa chipu yenyewe. Unaongeza daiodi ya ulinzi, ili siku umeme ukikatika ghafla kapasita isijimwage ndani ya chipu.

Baada ya regyuleta tukaweka omu 10 na maikrofaradi 470 kila upande, kumalizia. Kuna mafundi wanaoweka kichujio kama hicho kabla ya regyuleta. Kwa umeme wa kushiba ni sawa. Kwa umeme wetu ni kuchukua chakula cha anayekufa njaa.

Kilichonichosha ni ulanga, yaani maika. Mgongo wa chuma wa LM317 ndio njia ya kutolea, chanya. Mgongo wa LM337 ndio njia ya kuingizia, hasi. Hata miguu haifanani: ya katikati kwenye moja inatoa, kwenye nyingine inapokea. Ukizifunga zote mbili kavu kwenye bati moja la kupoozea, umeunganisha chanya na hasi kwa skrubu. Vikingio vya kutenganishia hatukuwa navyo. Masta akanipa pasi mbovu ya umeme. Ndani yake waya wa moto umezungushwa kwenye kipande cha ulanga, nami kazi yangu ilikuwa kuuchambua kwa wembe, tabaka baada ya tabaka, mpaka nipate jani jembamba la kupitisha joto lisilo na ufa wa kupitisha umeme. Mengi yalivunjika. La kufaa nililitoboa kwa sindano ya moto, nikalipaka grisi pande zote mbili, nikapitisha skrubu ndani ya kipande cha mrija wa kalamu. Masta akaweka mita kati ya mgongo na bati, akangoja ilie. Haikulia. Akanipa chipu ya pili.

Transfoma tuliihamishia kwenye boksi lake la bati, mbali na priampu kiasi waya unavyoruhusu. Sufuri ya muziki tukaichukulia baada ya kapasita kubwa, si kwenye mguu wa transfoma, maana hapo katikati daiodi zinapiga mateke kila zinapojaza. Tukawasha kwenye zile 180 za mezani. Nikabandika sikio kwenye spika. Masta naye akabandika lake kwenye ya pili, tukawa tunatazamana kama wagonjwa.

Jioni nilipoifikisha Chang'ombe soketi ilisoma 176. Mzee Stesheni aliwasha, akafungua sauti hadi mwisho kabla ya kuweka sindano, akasimama mlangoni na mikono kiunoni. Yule mpiga gitaa akabonyeza kibao chake cha tatu, akapiga, akasubiri kitu kije kugombana na G yake. Hakikuja. Akapiga tena kwa nguvu zaidi.

Ndipo malalamiko mapya yakaanza. Sasa mikwaruzo ya santuri ilisikika yote, na vumbi la Dodoma la miaka arobaini likawa linapasuka pasuka kila mzunguko. Mzee mmoja akadai mimi ndiye niliyeileta. Mzee Stesheni akamwambia anyamaze, anataka kusikia gitaa la pili, hajawahi kujua kama lipo kwenye wimbo ule. Wakabishana kuhusu nani alilipiga.

Nililipwa nusu usiku huohuo. Nusu iliyobaki ilikuja kama gunia la karanga baada ya mavuno, na Masta akachukua debe moja kwa kazi ya transfoma ya 24-0-24, ambayo hata hivyo ilikuwa yake na ilirudi chini ya meza. Mpiga gitaa naye akaleta amplifaya yake, akitaka tuifanye ile dawa ya Mzinga. Masta akaifungua, akaona ni ya taa za kioo zenye volti zaidi ya 300, akaifunga taratibu na kumtajia bei ambayo alijua hataiweza.