Sababu haiishii kwenye "because"

Mwanafunzi wa Kiingereza akishaizoea "because", huitia kila penye sababu. Ataeleweka, ila maana nyingine hazitamfikia msomaji. Kama sisi tulivyo na kwa kuwa, kwa vile na maadamu, Kiingereza nacho kina viunganishi vya maneno mawili au zaidi, na havibadilishani nafasi ovyo.

"Now that" hudai mambo mawili: hali imebadilika, na bado iko hivyo. "Now that the rain has stopped, we can go out": mvua ilikuwa ikinyesha, sasa imekatika. Huwezi kusema "now that the earth is round", maana dunia haikuanza kuwa duara jana. Hapo chukua "given that" au "seeing that", vinavyoegemea jambo ambalo msikilizaji analijua au analiona. Maadamu yetu inakaribiana navyo sana.

Jipime kwa swali la "why". Ukiulizwa "Why did you leave?", waweza kujibu "Because I was tired". Kujibu "Seeing that I was tired" hakufai, kwani "because" huleta habari mpya, na "seeing that" husimama juu ya habari ya zamani.

Kinachosumbua zaidi ni "in that". Hiki huonyesha kauli ni kweli kwa upande upi: "The plan is risky in that it depends on one person." Mpango una hatari, na hatari yenyewe ni kumtegemea mtu mmoja. Kiweke baada ya kishazi kikuu, usikitangulize.

"On the grounds that" ni cha uamuzi rasmi, kama rufaa kukataliwa kwa kuchelewa. "In case" ni cha tahadhari: "Take an umbrella in case it rains" ni kubeba mwavuli kabla, mvua inyeshe isinyeshe. Usiseme "in case it will rain".

Yako makosa mawili ya kuepuka. "Because of he was ill" si sahihi: "because of", kama kwa sababu ya, hufuatwa na nomino, kwa hiyo andika "because of his illness" au "because he was ill". La pili ni "Since it was late, so we left". Kwetu "kwa kuwa… hivyo" hupita. Kwa Kiingereza kiunganishi kimoja kinatosha, futa "so".