Dhoruba ya Usiku Huonekana Alasiri: Siku Moja ya Mtabiri wa Ziwa Victoria

Zamu yangu huanza saa 12:00 asubuhi, lakini hujitahidi kufika ofisini robo saa kabla, kwa sababu usiku wa Ziwa Victoria hausimuliwi kwa haraka. Asubuhi hiyo ya Aprili, Masika yakiwa yamekolea, mwenzangu aliyekesha alinionyesha kwenye skrini mfululizo wa picha za satelaiti tangu usiku wa manane: wingu moja lililozaliwa magharibi ya Ukerewe mnamo saa 7 usiku, likatanuka hadi kufunika sehemu kubwa ya ziwa la kusini, kilele chake kikifika nyuzi joto 80 chini ya sifuri, na sasa lilikuwa linamomonyoka taratibu kuelekea Bukoba.

Hiyo ndiyo tabia ya ziwa letu. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya ngurumo hujikusanya juu ya vilima vinavyolizunguka. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi, upepo hutoka nchi kavu kila upande na kukutana juu ya maji ambayo bado yana uvuguvugu, na hewa iliyobanwa hapo haina pa kwenda isipokuwa juu. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, saa zile zile ambazo dhoruba hupenda, na ndiyo maana kazi yangu yote ya mchana, hata ninapoandika mambo mengine, huelekea kwenye swali moja la jioni: usiku huu waende au wasiende?

Kuanzia saa 12:30 hadi karibu saa 3:00 nilikuwa na picha hizo peke yake. Hutoka Meteosat-9, satelaiti ya shirika la Ulaya la EUMETSAT, ambayo tangu mwaka 2022 iko juu ya Ikweta katika longitudo 45.5 mashariki, upande wa bahari ya Somalia, kimo cha kilomita 36,000 hivi. Katika kimo hicho huzunguka sambamba na dunia, hivyo hulitazama ziwa usiku na mchana bila kubanduka, na kila baada ya dakika 15 hutoa picha mpya katika mikanda 12 ya mwanga na joto. Mkanda ninaoutegemea zaidi ni wa mikromita 10.8, unaopima joto linalotoka kwenye vilele vya mawingu, kwa kuwa hauhitaji jua. Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo mimi huwaeleza mapema kwamba satelaiti hii hujizungusha mara 100 kwa dakika na kuisoma dunia mstari kwa mstari kutoka kusini kwenda kaskazini, kazi inayochukua dakika kama 12. Kwa hiyo picha iliyoandikwa saa 9:00 kamili imeliona ziwa dakika zipatazo sita baadaye, na wingu linalokua kwa nguvu huweza kupanda kilomita kadhaa katika muda huo. Kisha data hupelekwa Darmstadt, Ujerumani, zikachakatwa na kurushwa tena kupitia satelaiti za mawasiliano hadi kwenye dishi letu. Mvua iliyo juu ya Ukerewe, ambako mtu huvuka kwa kivuko na kufika siku hiyo hiyo, hunifikia mimi kwa kupitia Ulaya, na hufika mapema kuliko simu ya mtu aliyelowa nayo.

Saa 3:00 asubuhi ni saa ya kusoma kipima mvua. Nilitoka uani mwenyewe, nikafungua kopo, nikamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, nikainama hadi jicho langu likalingana na uso wa maji: milimita 31.4, na sisimizi mmoja akielea. Nilirudi kwenye picha za usiku kutazama satelaiti ilikuwa imesema nini juu ya mahali pale, nikakuta wingu la kimo cha wastani tu, kilele chake kikiwa na nyuzi joto thelathini na kitu chini ya sifuri, ambalo hesabu ya kukadiria mvua kwa ubaridi wa vilele ilikuwa imelipatia mvua kidogo sana. Satelaiti ya aina hii huona paa la wingu wala haioni kinachodondoka chini yake. Satelaiti zenye vifaa vya mawimbi ya maikro, kama ile ya GPM, mradi wa kupima mvua duniani, iliyorushwa na Marekani na Japani mwaka 2014, huona matone yaliyomo ndani, lakini hizo hupita tu na kwenda zake. Ndiyo sababu ninalithamini kopo lile. Ziwa lenyewe, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, haliwezi kutandazwa makopo juu ya maji, na mengi tunayoyajua kuhusu mvua inayonyesha katikati yake tumeyajua kwa satelaiti, zikisahihishwa kwa vipimo vya visiwani na vya ufukoni.

Saa 5:00 tulikuwa na kikao cha utabiri kwa njia ya mtandao, tukalinganisha modeli, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa. Zilikubaliana kuhusu upepo wa mashariki na zikatofautiana kuhusu mvua, kama ilivyo kawaida yake katika nchi zilizo karibu na Ikweta. Saa 7:00 nilikula ugali na sato, nikarudi.

Kuanzia saa 8:00 mchana huwa siondoki kwenye kiti. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Mbelgiji Wim Thiery walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za miaka kadhaa za picha za Meteosat, wakihesabu mahali ambapo vilele vya mawingu vilitoboa juu kupita kiasi, na wakaonyesha kwamba dhoruba za usiku ziwani zina uhusiano na zile zilizotangulia alasiri nchi kavu. Wazee wa ziwani walikuwa na maneno yao kuhusu ngurumo za upande wa Mara, lakini kuliona jambo hilo katika hesabu ya maelfu ya picha kulinibadilisha namna ya kufanya kazi. Kwa mtabiri, maana yake ni saa kadhaa za kujiandaa ambazo zamani hatukuzijua kuwa tunazo.

Siku hiyo, saa 9:15 alasiri, yalikuwapo madoa manne meupe kati ya Tarime na vilima vya Kericho, upande wa Kenya. Ilipofika saa 10:00 mawili yalikuwa yameungana. Hapo nilifanya jambo nililojifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma niliwahi kuona eneo pana jeupe, baridi kabisa, nikatoa angalizo, kumbe lilikuwa tandazo la juu lililobaki baada ya ngurumo kwisha. Usiku ukawa shwari, mwezi haukuwepo, na mialo mizima, yaani vituo vya wavuvi ufukoni, ikapoteza usiku wa giza, ambao ndio usiku wa dagaa. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, “Mwanangu, watoto hawali tahadhari.” Tangu hapo huulinganisha mkanda wa 10.8 na ule wa mvuke, wa mikromita 6.2. Mvuke ukisomeka una joto kuliko wingu lililo chini yake, kilele kimegusa stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu, na wingu bado lina nguvu. Usiposomeka hivyo, natafuta ushahidi zaidi kabla ya kuandika neno lolote. Mawingu matatu yalikuwa na alama hiyo, na upepo wa mashariki ulikuwa unayasukuma yaje ziwani pamoja na hewa ya baridi iliyomwagika kutoka kwenye mvua zake.

Saa 10:40 jioni niliandika angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ziwa la kusini na la magharibi, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 3 asubuhi. Rasimu ya kwanza ilisema “baadhi ya maeneo”. Niliifuta, nikataja visiwa kwa majina, kwa kuwa anayesukuma mtumbwi Ukara anataka kusikia Ukara.

Saa 11:00 ujumbe ulikwenda redioni na kwenye makundi ya simu ya viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo. Kiongozi mmoja alipiga akauliza kama wanaweza kutega karibu na ufuko na kurudi kabla ya saa 5 usiku. Nilimjibu kwamba kwa picha niliyo nayo sasa wanaweza, na kwamba mwenzangu angempigia saa 3 usiku kumthibitishia au kumkataza.

Saa 12:00 nilimkabidhi mwenzangu kiti pamoja na namba hiyo ya simu, nikiwa nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya daftari la zamu. Wakati navaa koti, picha mpya iliingia, na wingu lililokuwa juu ya Tarime lilikuwa limefika Musoma.