Salamu za mama huko Baqii

Kabla hatujaondoka Malindi kwenda Umra, mama alinikalisha barazani akanitajia majina. Bibi Zainab, Bibi Ruqayya na Bibi Ummu Kulthum, mabinti wa Mtume (s.a.w.). Bibi Aisha na wake wenziwe. Bibi Halima aliyemnyonyesha. "Nifikishie salamu kwa kila mmoja, mwanangu. Mimi najua sitaingia."

Baqii, makaburi ya kale ya Madina yaliyo upande wa mashariki wa Msikiti wa Mtume, wanawake hawaruhusiwi kuingia. Husimama nje wakaomba dua. Kwa hiyo nilibeba salamu zake kama amana, nikidhani kazi yenyewe ni nyepesi.

Mimi nimekulia kwenye makaburi yanayojieleza. Kwetu, karibu na Msikiti wa Jumaa, yamesimama makaburi ya nguzo yenye karne kadhaa, na hata aliyezikwa mwaka jana ana kibao chenye jina lake. Baqii huoni jina hata moja. Unaona udongo, vijia vya kupitia, njiwa, na mawe yasiyoandikwa kitu. Zamani palikuwa na makuba. Yakabomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, yakajengwa upya, yakabomolewa tena katika miaka ya 1920, na tangu hapo ni mawe tu.

Siku ya kwanza nilikwenda baada ya Isha nikakuta mlango umefungwa. Wazuru hufunguliwa baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Siku ya pili nikaingia Alasiri, nikasukumwa na umati hadi ndani, nikasoma dua ya kuwasalimia watu wa makaburini kwa jumla, nikatoka. Hotelini mama akaniuliza, "Bibi Halima umemfikia?" Sikuwa na jibu. Nilipita mbele ya mawe mamia bila kujua lipi la nani, na usiku ule nililala vibaya.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kingazija tuliyekuwa tukikutana naye kwenye chai. Alikuwa ameizuru Madina mara nyingi. Akachukua karatasi, akanichorea mlango na njia, akinisimulia kila kaburi kama mtu anayeelekeza nyumba za mtaani kwao. Akaniambia nianze kwa Mtume mwenyewe na masahaba wake wawili, Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar, kisha nitokee Babul Baqii, mlango wa msikiti ambao ukivuka uwanja unakabiliana na ukuta wa makaburi. Kuingia Baqii hakuhitaji kibali cha Nusuk, ile programu ya simu ya Saudia, kama kinavyohitajika kwa Rawdha, sehemu ya msikiti iliyo kati ya mimbari na nyumba ya Mtume. Akanihimiza nisiende na umati wa mwanzo. Ningoje kidogo, wapungue.

Nikafanya hivyo siku ya tatu, baada ya Alfajiri. Karibu na mlango wapo watu wa nyumba ya Mtume: ammi yake Abbas, mjukuu wake Hasan, Zainul Abidin, Muhammad al-Baqir na Jaafar as-Sadiq. Kuhusu Bibi Fatima wanavyuoni wamekhitilafiana, kama yuko hapo au nyumbani kwake kando ya kaburi la babake. Mzee aliniambia nimsalimie kote kuwili. Mbele kidogo wapo mabinti watatu. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Mama yangu anawasalimu." Koo likanikaba. Nikasogea kwa wake zake. Wote wako hapo ila Bibi Khadija, aliyezikwa Makka, na Bibi Maymuna, aliyezikwa Sarif.

Nikampitia Imamu Malik, mwanachuoni mkubwa wa Madina, aliyefariki mwaka 179 Hijria, akiwa jirani na Nafii, mwalimu wake. Nikampitia Ibrahim, mwana wa Mtume aliyefariki mchanga. Kisha ukawa mwendo hadi kwa Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu. Kaburi lake liko mbali na wenzake kwa sababu alipouawa mwaka 35 Hijria, fitina ilikuwa imewaka mji mzima. Akazikwa usiku katika kiwanja kilichopakana na Baqii, ambacho baadaye kiliunganishwa nayo. Nilikaa pale kuliko kwingine kote. Huyu alioa mabinti wawili wa Mtume, mmoja baada ya mwingine, na kuzikwa kwake kukawa kwa kificho. Bibi Halima nikamfikia mwisho kabisa, huko ndani. Nikamtaja mama kwa jina lake kamili, na la babake.

Nikirudi mlangoni nikakutana na jeneza. Baada ya takriban kila swala ya faradhi msikitini husaliwa maiti, kisha hubebwa mbio kuja hapa, kwani Baqii bado inazika. Makaburi huwa yamechimbwa tayari, yanangoja. Watu hupokezana jeneza bila kujuana, nami nikatia bega hatua chache. Sikujua ni mwanamume au mwanamke, wa nchi gani. Nikafuata hadi alipolazwa, nikatia udongo viganja vitatu kama tufanyavyo kwetu.

Mama alikuwa ananingoja nje, kwenye kiti cha magurudumu. Nikamsimulia mmoja mmoja, kwa mpangilio wa ile karatasi, naye akiitikia kila jina kwa "alhamdulillahi". Nilipofika kwenye jeneza akanikatiza. "Umekaa mpaka wakamaliza kuzika?" Nikamwambia ndiyo. "Basi una qirati mbili." Alikuwa akikumbuka hadithi ya Mtume: anayeiswalia maiti ana qirati moja, yaani fungu la thawabu, na anayebaki hadi azikwe ana mbili, kila moja mfano wa mlima Uhud.

Kesho yake tukachukua teksi kwenda Uhud, kama kilomita 5 kaskazini. Pale mama hakuhitaji mjumbe, maana makaburi ya mashahidi wa vita vya Uhud vya mwaka wa 3 Hijria yamezungushiwa uzio na kila mtu, mke kwa mume, husalimia kutokea nje. Nikamsogeza hadi kwenye nondo. Akamsalimia Sayyidna Hamza, ammi yake Mtume, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akamsalimia Mus'ab bin Umair, akamlilia, kwa kuwa sanda yake ilikuwa fupi: wakimfunika kichwa, miguu hubaki wazi, hata Mtume akaamuru miguu ifunikwe kwa majani ya idhkhir.

Alipomaliza akageuza uso kuutazama mlima, mwekundu, mrefu kutoka upande hadi upande. Akautazama kitambo.

"Kumbe qirati ni kubwa hivi," akasema, akanishika mkono.