Na wewe uko Leeds

Tangu juzi maneno manne ya Baba yamekataa kunitoka kichwani. Hakuyasema kwa ukali, wala hakunitazama alipoyasema. Kiganja chake kilikuwa juu ya ukuta wa mawe, macho yake bondeni kwenye kondoo.

Mnajua kwamba Baba yuko kwetu tangu Pasaka, na kwamba nilimwahidi kumwonyesha Uingereza isiyo ya maghorofa. Basi, tulipanga kijumba cha mawe karibu na Malham, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales, chenye jiko la kuni sebuleni na dirisha linaloelekea malishoni. Asubuhi ile hatukuwa na haraka. Tulikunywa chai hadi birika likakauka, kisha tukashika njia ya miguu inayokatiza katikati ya mashamba ya watu, jambo ambalo Baba aliliona la ajabu sana, kwamba sheria inampa mpita njia haki ya kukanyaga ardhi ya mwenziwe ilimradi aifuate njia.

Huko ndiko tulikomkuta mzee mmoja akiujenga upya ukuta uliobomoka. Kuta za huko hazina saruji wala udongo. Hupandishwa pande mbili zinazoegemeana, katikati hujazwa vijiwe vidogo, na kwenye kimo fulani huwekwa mawe marefu yanayovuka upande hadi upande ili kuzifunga pamoja. Baba, ambaye amejenga kingo za mfereji kule kwetu Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa mikono yake, hakuhitaji kuelezwa. Aliinama, akaokota jiwe, akaligeuzageuza, akaliketisha mahali lilipotakiwa kukaa, na yule mzee akaitikia kwa kichwa. Mimi nikawa mkalimani wao. Waliulizana habari za mvua, na za namba zilizopakwa rangi ubavuni mwa kondoo ili kila mwanakondoo ajulikane ni wa mama yupi. Kisha Baba akauliza ni nani atakayeitunza ardhi hiyo baadaye. Mzee akajibu kwamba mwanawe wa pekee anafanya kazi Leeds, na huja Krismasi. Nilimfasiria Baba kama nilivyosikia, yaani habari ile ilipita kinywani mwangu mwenyewe. Akanyamaza kitambo, ndipo akasema:

"Na wewe uko Leeds."

"Ndiyo, Baba," nikajibu, nasi tukaendelea na safari.

Ninyi mliozaliwa Uchagani mnajua kihamba ni nini, ile ardhi ya ukoo inayorithiwa, na mnajua kwamba kitinda mimba hutazamiwa kubaki na kuitunza nyumba ya baba yake. Nimekuwa nikiyasikiliza tena maneno yale kitandani na kazini wodini, nikitafuta kama kulikuwa na lawama ndani yake. Lawama za Baba nazijua: huwa ndefu, na hutaja mababu kwa majina. Haya yalikuwa mafupi mno kuwa lawama, na kwa sababu hiyo yananiuma zaidi, kwa kuwa lawama ningeweza kuijibu.

Hata hivyo, mchana wa siku hiyo ulikuwa wa furaha kuliko nilivyotarajia. Tulipanda ngazi takriban 400 kando ya Malham Cove, mwamba wa chokaa wenye kimo cha mita 80 hivi, tukafika juu kwenye sakafu ya mawe ambayo maji ya mvua yameitafuna kwa maelfu ya miaka, hata ikakatika vipande vyenye nyufa ndefu kati yake. Ndani ya nyufa hizo, ambamo upepo haufiki, humea kangaga mbichi kabisa. Baba na mwanangu mdogo walilala kifudifudi, vichwa vikielekea ufani, naye Baba akaanza kumsimulia jinsi alivyotumwa usiku kufungulia maji zamu ya nyumba yao ilipofika, na jinsi alivyoogopa giza la migombani. Hadithi hiyo sijapata kuisikia maishani mwangu. Mtoto akauliza kama mfereji huo bado upo. "Upo," Baba akamwambia, "lakini uje wakati wa kiangazi, ndipo utakapoiona kazi yake."

Nami nikawaeleza habari za kijito kinachotoka ziwa la Malham Tarn, ambacho huzama ardhini kaskazini mwa mwamba ule, na maji yake hayatokei chini ya mwamba kama mtu angedhani, bali huibuka mbele zaidi, kusini mwa kijiji, yakawa sehemu ya mto Aire unaopita katikati ya Leeds. Baba alicheka hadi akajishika mbavu. "Kumbe hata maji ya huku hukimbilia mjini!" Nilicheka naye, na kwa muda ule sikuwa na deni kwa mtu yeyote.

Jambo jingine: tangu tulipotoka kule miguu yake imevimba, wa kushoto zaidi, na ukiubonyeza shimo linabaki. Yeye anasema ni viatu. Anasafiri Alhamisi, na sijaridhika aketi ndegeni saa zote hizo kabla daktari hajamwona.